Jina Langu Kwenye Kengele

Brussels mtu haumwi rasmi mpaka jina lake liandikwe kwenye kengele ya mlango. Hilo sikulijua. Nilijua mengine mengi. Kabla hata ya kupanda ndege nilikuwa nimejifundisha Kifaransa peke yangu, kwa kitabu kilichokatika jalada na kanda za kaseti, na nilipofika nilijifundisha njia zote za tramu bila kumuuliza mtu. Lakini la kengele sikulijua, na likanipotezea karibu mwaka mzima wa afya yangu. Naandika kwa ajili ya dada aliyefika juzi, ambaye moyo unamwenda mbio na hajui amwambie nani.

Nilifika mwezi wa Aprili, katikati ya miaka ya tisini, kumfuata mume wangu, Yoeli. Alikuwa dereva katika ofisi moja ya kibalozi huko Uccle, kusini mwa mji, kwenye miti mingi na nyumba zenye bustani. Sisi tuliishi Saint-Josse, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa la Mturuki mmoja. Yoeli alitoka alfajiri na kurudi nimeshapakua chakula kikapoa. Wiki nyingine bosi wake alikuwa na safari za Luxemburg au Uholanzi, nami nikabaki na redio.

Mwili ulianza kubadilika mwanzoni mwa kiangazi. Kwanza mikono. Mimi ni mshonaji, ufundi huo pia nilijifundisha mwenyewe, na nilikuwa namshonea Yoeli shati. Kola ilikataa kunyooka. Nilifumua, nikashona, nikafumua tena mpaka kitambaa kikachoka. Nilipoinua mikono mbele ya dirisha niliona vidole vinatetemeka vyenyewe, kama mtu aliyetoka kubeba ndoo mbili za maji mlimani. Kisha nikaanza kula. Nilikula mkate mzima kabla ya saa sita, na bado sketi zangu zikawa zinashuka kiunoni. Nikipanda ngazi zetu, moyo ulipiga mpaka nausikia masikioni.

Nilikuwa na maelezo ya hayo yote. Mimi ni mwoga tangu utotoni. Nilikuwa yule mtoto anayepiga pasi sare mara ya pili kwa sababu mkunjo mmoja haukukaa sawa. Nikajiambia ni hofu tu, na kwamba mtu akijipanga vizuri, hofu huisha. Nikajipanga. Moyo haukuwa na habari na mpango wangu.

Ilinibidi kwenda kwa daktari, na hapo ndipo nilipokutana na neno *mutuelle*. Ni chama cha bima ya afya, na kila mkazi hujiunga nacho. Mutuelle hukupa karatasi ndogo za kunata zenye jina lako, na kila maabara na kila hospitali hutaka kubandika moja kabla ya kukugusa. Yoeli alikuwa nazo. Mimi, kama mke, ningeingizwa chini yake mara tu manispaa itakaponiandikisha kuwa mkazi. Na manispaa haimwandikishi mtu mpaka polisi afike nyumbani kuthibitisha kwamba kweli anaishi pale. Nilikwenda, nikajaza yote kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikaambiwa ningoje polisi.

Wakati nangoja, nilikwenda kwa daktari wa mtaani na kulipa kila kitu mwenyewe. Alitibu katika nyumba aliyoishi. Chumba cha kungojea kilikuwa sebule ya zamani, na viti vilipangwa ukutani kama kwenye matanga. Niliingia nikawasalimia watu wote kwa mkono, nikianzia kwa mzee kuliko wote, kama nilivyolelewa. Mzee yule alinipa mkono akitazama nyuma yangu, labda akidhani nauza kitu. Bibi mmoja akainua gazeti. Baadaye nilijifunza kwamba hapa unasema neno moja la salamu mlangoni, kwa wote, halafu unanyamaza. Nilikaa uso ukiniwaka, nikirudiarudia kimoyomoyo hotuba niliyoizoeza mbele ya kioo cha bafuni: moyo wangu unakwenda mbio, mikono inatetemeka, nakula lakini nakonda.

Daktari akanikaribisha, akakaa, akauliza, "Haya, madame, hujambo?"

"Sijambo, bwana daktari, asante."

"Unalala?"

"Nalala, nashukuru."

"Unakula?"

"Sana."

Msomaji wa kwetu ananielewa. Upareni ukiulizwa habari unajibu nzuri, hata kama umeletwa kwa machela. Hiyo ni heshima. Ugonjwa unakuja baadaye, mwenzako akirudi mara ya pili: na afya? na nyumbani? Hapo ndipo unasema, nzuri, ila moyo kidogo. Nilikuwa nangoja arudi mara ya pili. Hakurudi. Alinipima mapigo, akainua nyusi, akaniuliza nimefika lini nchini. Nilipomjibu akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akasema ni ugeni, ni mishipa ya hofu, niwe natembea bustanini. Akaniandikia vidonge vya majani vya kutuliza. Nikamshukuru. Nilifika barabarani hotuba yangu yote ikiwa bado mdomoni.

Nilikasirika, lakini pia nilimwamini, maana alisema lile nililokwisha kujiambia.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Polisi hakuja, au ndivyo nilivyodhani. Nilikaa ndani siku nyingi ili asije akanikosa. Nywele zilitoka kwenye kitana mafungu mafungu. Macho yakawa makubwa, kama ya mtu aliyeitwa jina lake gizani. Jumapili kanisani dada mmoja Mtanzania alinishika kiuno na kucheka: "Shoga, Ulaya imekukubali! Mwili wa kwenye magazeti huo!" Nilicheka naye. Nilipompigia mama kutoka kwenye kibanda cha simu aliniuliza, "Mzima mwanangu?" nikasema mzima, na salio la kadi likaisha kabla hajauliza tena.

Nyumbani tuligombana kwa ajili ya dirisha. Mimi nilikuwa naungua. Yoeli alikuwa anapata baridi. Nilifungua, akafunga.

"Nama, unataka tufe kwa nimonia?"

"Funga basi. Funga na mlango, uniache humu humu kama nguo sandukuni."

Hakuwa amezoea kunisikia hivyo, wala mimi sikuwa nimezoea. Hasira ilinitoka kabla sijaichagua. Asubuhi alikwenda kazini bila chai. Jioni akasema, akivua viatu, kwamba mambo yakiendelea hivi mpaka baridi ianze, bora nirudi kwa mama nikapumzike. Alisema kwa upole. Upole ule uliniogopesha kuliko kelele. Nilijua nikirudi kwetu katika hali ile, hakuna atakayenirudisha, na huenda hata moyo wangu usingevumilia safari. Nilihitaji daktari, daktari alihitaji vipimo, vipimo vilihitaji karatasi ya kunata, na karatasi ilimhitaji polisi.

Mwezi wa Septemba nilikwenda manispaa kuuliza. Karani alifungua faili langu, akasoma, akanigeukia.

"Afisa alifika mwezi wa Juni, madame. Jina lako halipo kwenye kengele. Na jirani alisema hakuna mtu wa jina hilo katika nyumba ile. Faili limefungwa."

Jina langu la pasipoti ni la baba yangu: Nama Msuya. Lakini mimi ni mke wa mtu. Wiki ya kwanza tu nilitengeneza kibandiko cha kengele kwa herufi nzuri zilizolingana, nikikitupa na kukirudia mpaka kikanyooka: *Bwana na Bibi Mbwambo*. Nani angeniambia kwamba hapa mwanamke hubaki na jina la baba yake kwenye karatasi zote, aolewe asiolewe? Hilo nililielewa pale pale, na likaniuma. Lakini jirani? Jirani gani alisema hanijui?

Chini yetu, ghorofa ya pili, aliishi mwanamke mmoja tu aliyekuwa nyumbani mchana. Alitoka Bukavu, alikuja hapa akiwa mkimbizi na watoto wake, na alisafisha maofisi jioni. Watu walimwita Maman Furaha, kwa jina la bintiye mkubwa. Tulikuwa tukisalimiana kwenye ngazi, basi. Nitasema ukweli: Kiswahili chake cha Kongo kilinikera. Nilisikia makosa badala ya kusikia mtu, na nikapita.

Jumamosi Yoeli alikuwa nyumbani. Tulishuka, akagonga. Maman Furaha alifungua akiwa na mwiko mkononi, harufu ya sombe, kisamvu cha kwao, ikatutangulia.

"Ee! Bajirani! Karibuni. Kuna nini? Muko na sura ya matanga."

Yoeli alimweleza kwa adabu: polisi, mwezi wa sita, jina la Msuya.

"Ndiyo, alikuya," akasema Maman Furaha, mara moja, kwa fahari. "Kijana mumoja na karatasi. Aniuliza: iko muntu anaitwa Msuya hapa? Miye namuambia: *jamais!* Hata miaka mia moja hayajafika hapa. Alienda kama alivyokuya."

"Lakini Msuya ni mimi, Mama," nikasema.

"Minajua ni weye! Barua zako si zinaangukaka hapa chini? Ni njo maana nilimukatalia." Alinielekezea mwiko. "Polisi anatafuta muntu, miye nitamuonesha mulango? Miye? Kwetu mutu akionesha polisi mulango wa jirani, jioni jirani hayuko. Nilikulinda, mutoto!"

Yoeli akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu akashindwa, akajishika ukuta. Nami sikucheka. Nilimweleza Maman Furaha polisi yule alikuja kufanya nini: si kunikamata, bali kunipa bima, na bima ilikuwa ya daktari. Nilisema taratibu. Mwiko ukashuka.

"Daktari wa nini?" akauliza. "Uko mugonjwa?"

"Hapana, Mama, niko salama."

Tuliaga, tukapanda. Katikati ya ngazi miguu ilikataa, nikakaa chini, moyo ukigonga kama mtu aliyefungiwa nje. Yoeli aliinama kunishika. Nilipoinua macho, Maman Furaha alikuwa bado mlangoni kwake, anatutazama.

"Ile ni salama gani?" akasema.

Jumatatu asubuhi aligonga kwetu amevaa koti la kanisani. "Bon. Vaa. Tunaenda kwa docteur wangu, Ixelles. Karatasi zitatukuta njiani." Nilisema sina mutuelle. Akasema hakuniuliza hilo. Ndani ya basi aliniuliza mara moja tu kama namsamehe, akitazama dirishani, na kabla sijajibu akaanza kunieleza bei za ndizi za Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika.

Chumba cha kungojea cha Ixelles kilijaa akina mama na watoto, na mtoto mmoja alikuwa anasukuma lori la plastiki juu ya viatu vya watu wote kwa zamu. Nilisema salamu moja mlangoni, kwa wote, nikanyamaza. Nilijiona nimefuzu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani. "Haya, madame, hujambo?" akauliza.

"Sijambo, asante."

Kalamu yake ikaandika kitu. Hapo Maman Furaha, aliyekuwa ameketi nyuma yangu na mkoba mapajani, akaingilia kwa Kifaransa chake kisichoogopa kitu.

"Docteur, samahani. Hiyo aliyokujibu ni ya mlangoni. Sasa muulize ya ndani."

Daktari akamtazama, akanitazama. Akaiweka kalamu chini. "Sawa," akasema. "Na ndani, je?"

Hotuba niliyoizoeza tangu Juni ilitoka yote, lakini bila mpangilio. Vitenzi vilianguka, jinsia za maneno zilichanganyika, nikaanza na nywele nikaishia na kola ya shati. Sikujisahihisha hata mara moja. Daktari alisimama nyuma yangu, akaweka vidole viwili vya joto shingoni. "Meza mate," akasema. "Tena." Kisha akaomba ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, na sote watatu tukaitazama karatasi ikitetemeka.

Ilikuwa ni tezi ya shingoni, ikifanya kazi kupita kiasi na kuukimbiza mwili wote. Si hofu. Nililia kwa furaha, jambo ambalo daktari alidhani ni huzuni, akanipa maji. Alinipa vidonge vya kuutuliza moyo siku ile ile. Lakini dawa yenyewe ya tezi ilingoja vipimo vya hospitali, na dirishani hospitalini waliniambia, kwa adabu, nirudi nikiwa na namba ya bima.

Kibandiko kipya niliandika haraka, kwa kalamu ya wino, *Mbwambo – Msuya*, kikakaa upande. Nikakiacha hivyo hivyo. Manispaa walifungua faili upya. Majani yalipokwisha kuanguka yote polisi alirudi, kijana yule yule, na hakufika kwenye kengele. Maman Furaha alimwona kupitia dirisha. Nilimsikia kutoka juu: "Monsieur! Msuya! Iko! Iko juu! Panda!" Alimpandisha ghorofa zote akiwa nyuma yake, kama anapeleka mbuzi sokoni, akasimama mlangoni kwetu akihema na kunielekezea kidole: "Voilà. Huyu ndiye. Anaishi hapa, analala hapa, anashona hapa, mashine yake inanisumbuaka kila siku." Kijana aliandika. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka.

Karatasi za kunata zilifika mwanzoni mwa baridi. Baada ya hapo miaka yangu ya Brussels naihesabu kwa vipimo vya damu. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha theluji. Nilingoja kwenye korido ya chini ya hospitali, isiyo na dirisha, wanakopiga picha za tezi, karibu na mzee mmoja aliyekuwa na shuka mapajani. Baada ya muda alikata biskuti yake ya mdalasini katikati, akanipa nusu bila kunitazama, na tukala. Nilitamani waniambie nilazwe. Najua ni jambo la ajabu kutamani. Lakini wodini kuna mtu anayekuja asubuhi na kukuita jina, na mimi nilikuwa napitisha siku nzima bila kuitwa. Waliniambia nirudi nyumbani.

Usiku huo nilimweleza Yoeli kila kitu alichosema daktari: lile joto, ile hasira, ule moyo. Alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Nilidhani umejuta kunifuata." Kisha akaenda kabatini, akatoa koti lake la kazi na kofia ya sufu, akavivaa vyote, akaingia kitandani. "Fungua dirisha," akasema. Alilala hivyo hadi Machi, kama mlinzi.

Kipimo cha pili kilikuwa cha mvua, na sketi zikaanza kukaa kiunoni. Kabla ya kile cha tatu nilimaliza shati. Kola haijanyooka sana, naye analivaa. Macho hayajarudi yote kama zamani. Kwenye picha bado naonekana kama niliyeshtuliwa. Miti ya Uccle ilipochanua mara ya pili tangu nifike, daktari wa Ixelles alisoma karatasi ya maabara, akatabasamu. Aliniuliza hujambo, nikajibu sijambo. Kisha akaweka kalamu chini, kama alivyozoea sasa. "Na ndani?"

Nilitaka kusema nzuri. Damu ilikuwa nzuri, imeandikwa. Lakini Yoeli alikuwa safarini tangu Jumapili, na ile ilikuwa Alhamisi, na sauti yangu ilikwaruza kwa kukaa bila kutumika. "Mwili ni mzima," nikasema. "Nyumba iko kimya sana." Daktari akasema hilo hana dawa yake, lakini amefurahi nimemwambia. Alinisindikiza mpaka mlango wa nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nilirudi kwa basi. Dada, usisubiri uulizwe mara ya pili kama nilivyosubiri. Watu wa hapa hawana ubaya, hawajui tu kwamba swali lina sehemu mbili. Andika jina la baba yako kwenye kengele siku ya kwanza, hata kwa mwandiko mbaya. Na kwenye ngazi, simama.

Nilipanda mpaka ghorofa ya pili bila kupumzika. Kwa mara ya kwanza sikuwa na shida ya kumpelekea Maman Furaha, wala barua, wala chumvi ya kuazima. Niligonga.

"Ee, mutoto. Habari?"

"Ya mlangoni, nzuri," nikasema.

Alinitazama. Nyuma yake redio ilikuwa inaongea na chungu kinachemka. Akasogeza nguo zilizokuwa juu ya kiti.

"Bon," akasema. "Toa koti."